Kijiti cha Pikipiki Namba Saba

Karatasi ilikuwa na mistari minne na uongo mmoja. "Mimi mtumishi wa ofisi ya maji nakiri kwamba kwa uzembe wangu sikukagua oili ya pikipiki inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo injini imeungua." Chini yake palikuwa na nafasi ya saini. Meneja alikuwa ameshafungua kalamu na kuilaza juu ya karatasi, ncha ikinielekea mimi.

"Sisaini," nilimwambia.

"Soma kwanza mpaka mwisho."

"Nimesoma mpaka mwisho. Nimesoma mara mbili. Kusoma ndiyo kazi mliyoniajiria."

Mama wa utumishi, aliyekaa pembeni na faili langu mapajani, alikohoa kikohozi cha kunionya nipunguze ulimi. Sikupunguza. Nilikuwa na plasta gotini, plasta kwenye kiwiko, na hasira ambayo hakuna plasta ya kuitosha.

Mimi ni msoma mita. Tuko kumi na wawili, kila mmoja na pikipiki yake ya ofisi yenye namba iliyopakwa rangi nyeupe kwenye tangi. Tunaingia nyumba kwa nyumba, tunafunua kifuniko cha mita, tunasoma, tunaandika, tunafukuzwa na mbwa. Wenzangu wananiita Mama Nukta, kwa sababu nasoma mpaka zile tarakimu ndogo nyekundu zinazokuja baada ya nukta, ambazo wao wanaziruka ili wawahi kula. Wananiita hivyo kwa kunicheka. Mimi naitika kwa raha zangu.

Namba saba, pikipiki yangu, ilifia kwenye mlima wa kwenda tangi kuu, Jumatatu, mchana wa jua kali. Ilianza kugonga, ikapoteza nguvu, kisha tairi la nyuma likakwama ghafla na mimi nikaburuzika kwenye changarawe. Niliisukuma mpaka ofisini na goti linalovuja damu. Fundi mkuu wa karakana yetu akafungua nati ya chini ya injini mbele ya meneja, na oili iliyotoka haikufika hata nusu lita. Injini ile inataka lita moja. Hakukuwa na tone chini, hakukuwa na mahali ilipovujia. Ripoti ikaandikwa siku hiyo hiyo.

"Kama ulikuwa unakagua," meneja aliniuliza, "oili ilikwenda wapi?"

"Sijui. Lakini asubuhi ile nilipima, na ilikuwa karibu na alama ya juu."

"Labda hujui kupima."

Nilisimama.

"Naiwasha dakika tatu. Naizima, nasubiri oili ishuke. Naisimamisha kwa stendi kubwa juu ya sakafu ya saruji, siiegemezi kwenye stendi ya pembeni, kwa sababu ikilala oili nayo inalala. Nafungua kijiti, nafuta kwa kitambaa, nakirudisha bila kukikaza, nakitoa, nasoma. Kila asubuhi aliyoileta Mungu, miaka mitano. Kisha naandika hapa." Nikalitupa daftari langu mezani.

Meneja hakuligusa. "Daftari unaandika mwenyewe, Mama Nukta. Hata mimi naweza kuandika kwamba leo nimekula kuku mzima."

Sheria ya ofisi yetu ni fupi. Anayeua injini kwa uzembe anasaini, ananyang'anywa pikipiki na kurudishwa kaunta. Anayekataa kusaini anaitwa kikaoni, na akishindwa kikaoni anamwaga unga, anakwenda nyumbani na mkoba wake. Meneja alinipa mpaka Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kaunta naijua. Nilikaa pale miaka sita kabla sijapewa pikipiki. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye kioo chenye tundu, na kwenye lile tundu watu wanaingiza midomo yao kukutukana kwa sababu ya bomba lililopasuka ambalo hukulipasua. Nilikuwa narudi nyumbani nimenyamaza mpaka watoto wananiogopa. Barabarani ni mimi, daftari na injini, na kuna bibi kizee kwenye mtaa wa mwisho anayefungua geti kabla sijabisha, kwa kuwa anaujua mlio wa namba saba. Nilikula kiapo kwamba kaunta sirudi. Sasa wanataka nirudi kwa saini yangu mwenyewe, niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ni mzembe. Mimi! Mwanamke anayesoma mpaka nukta!

Mume wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo ugomvi wetu wote huwa na mlio wa sindano. Nilimweleza. Alisikiliza huku akipindisha shingo ya shati la mtu.

"Saini tu, mke wangu," alisema. "Kaunta pia ni kazi. Kuna kivuli."

"Ungesaini kwamba umeharibu kitambaa ambacho hukukikata?"

Aliinua mguu kwenye pedali. "Wakiniambia nichague kati ya saini na kukaa bure, nasaini, naenda kulala."

"Ndiyo maana mimi si wewe."

"Hilo nalijua tangu siku ya posa," alisema, akaendelea kushona. Ni mtu mpole, na kuna siku upole wake unanipandisha mori kuliko matusi ya wengine. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Jumatano nilikuwa nyumbani, nimesimamishwa, sina pa kwenda. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na daftari langu, nikaanza kulisoma kama linavyosomwa daftari la mita, kuanzia nyuma kuja mbele. Nafasi iliyo kati ya alama ya chini na alama ya juu kwenye kijiti huwa naigawa kwa macho mafungu kumi. Alama ya chini ni sifuri, alama ya juu ni kumi. Wenzangu wakiona wanakufa kwa kicheko. Waache wacheke.

Kwenye kurasa za wiki sita nyuma niliona hivi. Tarehe kumi na tatu: saba. Tarehe kumi na nne: saba. Tarehe kumi na tano, siku ya ukaguzi: saba. Tarehe kumi na sita: kumi na nane. Na pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu: "Imepita alama. Fundi amepunguza."

Nilikumbuka. Asubuhi ile nilishangaa kukuta oili imezidi, nikaipeleka pikipiki kwa fundi. Naye, bila neno, akafungua nati na kumwaga mpaka kijiti kikarudi kwenye alama. Nilidhani aliongeza mwenyewe siku ya ukaguzi akasahau. Nikapanda nikaenda zangu.

Saba mpaka kumi na nane, kwa siku moja, bila mtu kuongeza hata tone.

Sasa nikuambie kitu kuhusu kazi yangu. Nikifika nyumba ambayo mwezi jana ilisoma mia nne na mwezi huu inasoma elfu tatu, na wakazi ni wale wale, baba, mama na paka, siwaambii wamekunywa mto. Nainama, nafuta vumbi, natazama namba iliyochongwa kwenye kichwa cha mita. Mara tisa kati ya kumi mita imebadilishwa na hakuna aliyeandika. Maji ni yale yale. Nilisimama pale mlangoni nikajipiga kofi la paji la uso mpaka mume wangu akasimamisha cherehani.

"Umeumwa na nini?"

"Wamebadilisha mita yangu!"

"Mita gani tena?"

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu.

Lazima nieleze ukaguzi wetu, maana sidhani kama kuna ofisi nyingine yenye wazimu ule. Meneja wetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Pasi, anavaa suruali za rangi ya maziwa zenye mkunjo wa kukata mkate. Hachuchumai. Tangu aje hajawahi kuchuchumaa. Lakini kanuni inamtaka akague oili ya kila pikipiki kila baada ya miezi mitatu, na kijiti cha oili kiko chini, ubavuni mwa injini, karibu na tope. Kwa hiyo alitoa amri. Siku ya ukaguzi fundi anachomoa vijiti vyote kumi na viwili na kuvilaza mezani, juu ya kitambaa cheupe, kila kimoja na kikaratasi cha namba yake. Meneja anapita na mikono mgongoni, anatikisa kichwa mara kumi na mbili, anaweka tiki, anakwenda kunywa chai. Sisi tunaiita siku ya kitambaa. Kukagua oili kwa kutazama vijiti vilivyofutwa! Tulikuwa tunacheka, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanaocheka.

Ila ile tarehe kumi na tano kulikuwa na upepo. Nakumbuka vikaratasi vikiruka uani na fundi akivikimbilia na ovaroli lake. Pikipiki zetu ni za aina mbili, saba za zamani, yangu ikiwemo, na tano mpya, zote za kampuni moja. Vijiti vyake vina kichwa cheusi kile kile na nyuzi zile zile, na chochote kinaingia popote.

Kama kijiti changu kilikwenda kwa mwingine, basi kuna mtu mwenye shida ya kinyume na yangu, na huyo mtu sikuhitaji kumtafuta kwa tochi. Mwenzetu wa namba kumi, jitu kubwa lenye sauti ya spika, pikipiki yake mpya ilianza kutoa moshi ghafla mpaka watu wakampa jina la Kuni Mbichi. Nilimkuta kwenye mtaa wake, amechuchumaa juu ya mita ya mtu.

"Dada yangu! Nasikia wanataka kukurudisha kwenye tundu la kioo."

"Moshi wako ulianza lini?"

"Habari za nyumbani nzuri, ahsante, watoto wazima."

"Kaka, moshi ulianza lini?"

Alijikuna. "Baada ya siku ya kitambaa. Kesho yake nilipima nikakuta kavu. Fundi akaniongezea. Tangu hapo inakunywa, dada, kila juma naongeza, na bado kijiti kinasema kuna njaa."

Nilichomoa kijiti chake pale pale barabarani. Kilionekana kama kijiti kingine chochote. Lakini mimi nimeshika kijiti cha namba saba kila asubuhi kwa miaka mitano, na kwenye kichwa chake, upande wa chini, kuna mkwaruzo nilioufanya mwenyewe kwa koleo siku kilipogoma kufunguka. Nilikigeuza. Mkwaruzo ulikuwepo, unanitazama. Na kwa wiki sita nilikuwa nafungua kichwa cha mtu mwingine bila kutazama upande wa chini, mimi ninayejisifu kwa nukta. Hilo liliniuma, na halijaacha kuniuma.

"Usikitoe hiki," nilimwambia. "Usiongeze wala usipunguze kitu. Ijumaa saa nne uwe uani."

"Ijumaa saa nne niko kazini."

"Kaka."

"Niko uani," alisema.

Alhamisi nilikwenda karakana. Kijiti kilichokuwa kwenye injini yangu kilikuwa huko, kwenye sanduku la vipande vya namba saba. Fundi mkuu alikuwa peke yake, anafuta spana. Ni mzee wa kuheshimika. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima oili, tena kwa uvumilivu, wakati wengine wanauliza mwanamke na pikipiki wapi na wapi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu." Hakuinua macho.

"Naomba kijiti cha namba saba."

Aliweka mkono juu ya sanduku. "Ni ushahidi. Hakitoki."

"Sawa. Nikuulize basi. Siku ile ulipopunguza oili yangu, ulipima kwa kutumia nini?"

"Kwa kijiti."

"Na ya Kuni Mbichi ulipoiongeza?"

"Kwa kij..." Spana ilisimama mkononi mwake. Aliitazama kama hajawahi kuiona. Niliona uso wake ukielewa, na niliona pia ukitafuta pa kujificha.

"Nimebakiza miezi mitatu nistaafu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nimebakiza miaka kumi na moja, fundi. Unataka niikae kwenye tundu la kioo?"

Alirudia kufuta spana. Nilitaka kumfokea, nikashindwa, na kushindwa huko kukanikasirisha zaidi. "Kesho saa nne tutakuwa uani," nilisema. "Njoo na hicho kijiti au usije. Lakini ukikaa kimya, ujue umenifundisha kazi bure." Nikamwacha na spana yake.

Ijumaa asubuhi nilikuta sare yangu imepigwa pasi. Mfuko wa kifuani, uliochanika siku nilipoanguka, ulikuwa umeshonwa upya, na umeongezwa ukubwa ili daftari liingie lote. Mume wangu alikuwa amegeuzia uso kwenye cherehani.

"Bado unaona nisaini?" nilimuuliza.

"Mimi naona ufunge kifungo," alisema. "Kalamu isije ikadondoka."

Saa nne nilisimama mlangoni mwa ofisi ya meneja. Alikuwepo yeye, mama wa utumishi, faili, na ile karatasi, na kalamu imelazwa vile vile.

"Kikao kifanyike uani," nilisema.

"Kikao kinafanyika hapa. Keti."

"Ushahidi wangu una magurudumu."

"Keti, mama, au niandike kwamba umegoma."

"Andika."

Alichukua kalamu kweli. Nilikwenda dirishani, nikatoa mkono nje, nikaupunga. Kuni Mbichi alikuwa amesimamisha namba kumi chini ya dirisha, bomba la moshi limeelekea ukutani. Akaiwasha. Akaipandisha mlio. Jamani, ule moshi! Uliingia ofisini wa bluu na mzito, ukafunika kalenda, ukafunika feni. Mama wa utumishi alikuwa wa kwanza kutoka, faili limefunika pua. Meneja alijikaza kidogo, kisha akatoka na leso mdomoni, na mimi nikamfuata nikiwa nimebeba ile karatasi na kalamu asije akasingizia amevisahau.

Uani wenzangu wote walikuwepo. Ghafla kila mmoja alikuwa na tairi la kujaza upepo. Fundi hakuwepo. Nilimtafuta kwa macho nikamkosa, lakini nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikianza sina rivasi.

"Fungua nati," nilimwambia Kuni Mbichi.

Oili ilishuka kwenye jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo. Ilifika lita moja, ikapita, ikasimama karibu na lita moja na nusu. Nilimfungulia meneja kitabu cha pikipiki, ukurasa wenye kipimo. Lita moja.

"Amezidisha," alisema meneja. "Naye ni mzembe. Andika," akamwambia mama wa utumishi.

"Nimefuata kijiti, bosi," alisema Kuni Mbichi. "Kila siku kilisema haitoshi."

Nilichukua kopo jipya la lita moja, halijafunguliwa. Nikampa mama wa utumishi alitazame, akaona muhuri, akalirudisha. Nati ikafungwa, nikamimina lote mpaka tone la mwisho. Tukaiwasha dakika tatu, tukaizima, tukasubiri. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi kubwa, kwenye saruji, imesimama wima. Nilifuta kijiti, nikakichovya bila kukikaza, nikakitoa, nikawaonesha. Ncha yake ilikuwa imelowa kidogo tu, chini kabisa ya alama ya chini.

"Lita moja kamili imo ndani, mmeiona ikiingia," nilisema. "Na kijiti hiki kinasema injini ina kiu. Nani mwongo?"

"Labda kimepinda," alisema meneja.

"Hakijapinda." Sauti ilitoka nyuma. Fundi mkuu alikuwa anakuja kutoka karakana, taratibu, amevaa ovaroli safi. Mkononi alikuwa na kile kitambaa cheupe cha ukaguzi, kimekunjwa. Alikikunjua juu ya tangi, na ndani yake palikuwa na kijiti kilichotoka kwenye injini yangu. Hakunitazama. Alikifuta, akakichovya kwenye namba kumi, akakitoa, akamwinulia mama wa utumishi. Oili ilikuwa imefika karibu kabisa na alama ya juu.

Kisha akavilaza vyote viwili kwenye kitambaa, kichwa kwa kichwa. Kimoja kilimzidi mwenzake kwa ukucha wa kidole kidogo.

"Kirefu ni cha namba kumi," alisema. "Kifupi ni cha namba saba. Nilivichanganya siku ya upepo. Kirefu kikazama zaidi kwenye yake, ikasoma imezidi nikaimwaga; kifupi hakikufika chini kwenye ya mwenzake, ikasoma imepungua nikaijaza. Huyu mama alipima vizuri. Mimi ndiye niliyempa kipimo cha mtu mwingine."

Uani paliingia zogo. Mtu alipiga mluzi. Meneja alikunjua uso haraka sana, akatabasamu lile tabasamu la kunivisha kilemba cha ukoka.

"Vizuri sana, Mama Nukta! Nilijua tu wewe ni mtu makini. Basi yameisha." Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akamgeukia fundi. "Mzee, njoo usaini wewe."

Fundi alinyoosha mkono kuipokea.

"Hapana," nilisema.

"Hapana nini tena? Umeshashinda, mama."

"Fundi nina hasira naye, na ataisikia nikipata nafasi." Nilimwona mzee akiinamisha kichwa. "Lakini vijiti havikutembea wenyewe kutoka kwenye injini. Nani aliagiza vitolewe vyote kwa pamoja? Kitambaa ni cha nani? Injini kumi na mbili, bosi, zimekaguliwa na wewe kwa miaka miwili, na hakuna hata moja uliyoiinamia. Leo kagua."

"Kagua nini?"

"Oili. Hii hapa. Chuchumaa."

Alicheka, akatafuta mtu wa kucheka naye, akakosa. "Na suruali hii?"

"Mume wangu ni fundi cherehani. Ikichanika ataishona."

Alimtazama mama wa utumishi akitafuta msaada. Mama yule, ambaye katika miaka yote sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "jaza fomu", alifunua kitabu cha kanuni kilichokuwa chini ya faili, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti ile ile kavu: "Msimamizi atakagua oili ya kila chombo yeye mwenyewe." Akafunga kitabu. "Kikao kinasubiri, meneja."

Meneja alichuchumaa. Magoti yake yalilia, tuliyasikia sote. Alikishika kile kijiti kirefu kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya, akakichomeka, akaanza kukikaza.

"Usikaze," nilimwambia. "Toa. Futa kwanza. Rudisha, kiache kikae tu. Haya, toa. Sasa soma. Kwa sauti, na walio nyuma wasikie."

"Iko... juu."

"Juu wapi? Imefika alama, imepita, au bado?"

Alikisogeza karibu na macho. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji. "Bado kidogo," alisema. "Karibu na alama."

"Tisa," nilisema, nikaandika kwenye daftari langu.

Alipoinuka alikuwa na duara jeusi gotini na vidole vinavyong'aa. "Umeridhika?"

"Bado. Karatasi yenu hii." Niliinyoosha mbele yake. "Nimeisoma tena. 'Mimi mtumishi wa ofisi ya maji nakiri kwamba kwa uzembe wangu sikukagua oili ya pikipiki inavyotakiwa.' Haina kosa hata moja, bosi. Mlikosea tu mtu wa kumpa asaini."

Aliipokonya ili aichane. Ila mama wa utumishi alikuwa mwepesi kuliko nilivyomdhania. Aliishika upande wa pili, akaivuta pole pole, mpaka ikamtoka. Pale chini, kwenye nafasi ya saini, palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, mistari yote inasomeka. Aliitazama, akaipuliza ikauke, akaiweka kwenye bahasha. Hakuiweka kwenye faili langu.

Nikaomba ufunguo wa pikipiki ya akiba, na nikapewa. Fundi aliisimamisha kwa stendi kubwa, akarudi nyuma hatua mbili, akaniachia nafasi. Niliiwasha dakika tatu, nikaizima, nikasubiri. Nikafungua kijiti, na safari hii nikakigeuza kwanza nitazame upande wa chini. Kisha nikafuta, nikachovya, nikasoma, nikaandika nane. Nilikuwa na mita arobaini ambazo hazijasomwa tangu Jumatatu, nikaanza na zile za mlimani.